Hapana ya Tatu ya Bibi Nábla

Mtasema nimetunga. Semeni tu. Hata mimi ningeisoma hii mahali ningesema huyu kijana kanywa. Lakini haki ya Mungu, yaliyonikuta wiki hii sijawahi kusikia yamemkuta mtu yeyote mwenye bibi na simu.

Kwa uliyekosa wiki iliyopita, narudia kwa kifupi. Naitwa Cóilín. Naishi na bibi yangu Nábla huku Connemara, magharibi kabisa mwa Ayalandi. Bibi anaimba nyimbo za zamani za Kiayalandi kwa sauti tupu, hakuna gita, hakuna ngoma, na hakuna aliye hai anayemfikia. Mwaka huu kijiji kizima kilijua kwamba Kinubi cha Maisha, ile tuzo ya taifa wanayopewa wasanii wa jukwaani waliozeekea kwenye sanaa, kinakuja kwetu. Bibi mwenyewe hakusema kitu. Ila alivipiga rangi viatu vyake vya kahawia, akaviweka kando ya jiko, vikakaa hapo wiki na wiki kama paka.

Halafu redio ikataja jina. Festy.

Festy! Mzee wa ng'ambo ya ghuba, aliyejifunza kila wimbo wake kwenye kiti cha jikoni kwetu, akinywa chai yetu!

Niliwaachia bibi kasimama na birika mkononi, hamimini, haweki chini. Sasa tuendelee.

Sikulala vizuri. Asubuhi nikatafuta namba ya ofisi ya tuzo Dublin, nikapiga. Akapokea dada mmoja anaitwa Orlaith, sauti laini, Kiayalandi chake kizuri tu, tena kimenyooka. Kwa hiyo asije mtu akaniambia shida ilikuwa lugha.

"Dada," nikamwambia, "mmempa mwizi tuzo ya bibi yangu."

"Bibi yako ni nani, bwana?"

"Nábla."

"Lakini bwana, yeye ndiye tuliyempigia kwanza. Nilimpigia mimi mwenyewe. Alikataa."

"Dada, usinichezee."

"Alikataa kabisa. Alisema sauti yake siku hizi ni kama mlango wa zizi, tumtafute Festy, huyo ndiye mwimbaji."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nikamshukuru kwa unyenyekevu wake, nikamtakia siku njema."

"Siku njema!"

"Kwani nilikosea?"

"Dada, umezaliwa wapi?"

"Hapa hapa Dublin."

"Inaonekana," nikasema, nikakata.

Nikaingia jikoni kama upepo. Bibi anakanda mkate.

"Bibi! Ulikataa?"

"Nilikataa nini?"

"Kinubi! Walikupigia, ukakataa!"

"Nilikataa, ndiyo. Ulitaka niseme nini? 'Leteni, nilikuwa nakisubiri'? Mimi mbuzi, nionyeshwe majani nikimbilie?"

"Bibi..."

"Sikiliza, we bwana simu. Mtu mwenye adabu akiombwa kuimba anasema hapana. Akiombwa tena anasema koo limekauka, anamtaja mwenzake. Akiombwa mara ya tatu anashikwa mkono anavutwa, ndipo anaimba. Mama yangu alivutwa. Mama yake alivutwa. Mimi, ili yule binti asihangaike, nikamwekea zote mbili kwa mkupuo, sauti mbovu na jina la mwenzangu. Yeye kazi yake ilikuwa kunivuta tu! Nimekaa na simu sikioni namsubiri, nasikia tuu, tuu, tuu."

"Ungempigia wewe."

"Mimi nimpigie? *Mimi?*"

Nikaona nimetukana. Nikageuza. "Na Festy je?"

Mikono yake ikasimama kwenye unga.

"Festy ana adabu zote, nilimfundisha mimi. Ukitajwa na mwenzako unasema, 'Hapana, Nábla yupo, mimi ni nani?' Unarudisha. Angerudisha, yule binti angenipigia tena, mambo yangeisha. Hata mtoto wa darasa la kwanza analijua hilo."

"Na yeye akasema ndiyo."

"Akasema ndiyo," bibi akasema, akaupiga ule unga ngumi mpaka meza ikaruka.

Jamani, nilichemka. Nikachukua gari nikazunguka ghuba hadi kwa Festy, mvua inapiga kioo, mimi naongea peke yangu njia nzima. Nilikuwa nimepanga maneno. Makali.

Mlango akafungua mkewe, Mama Sibéal.

"Cóilín! Ingia, mwanangu, umelowa. Utakunywa chai."

"Sinywi chai. Nimekuja kwa Mzee Festy."

"Kikombe kidogo tu."

"Asante, mama, nimeshakunywa."

"Huwezi kutoka kwangu na koo kavu," akasema, akanishika mkono akanikalisha.

Na mimi, na hasira zangu zote, nikajikuta nimekaa na kikombe mkononi na kipande cha mkate wa zabibu juu ya goti. Ndiyo sisi hao. Hata vitani lazima usukumwe.

Festy akatoka chumbani na soksi. Mzee mrefu, kainama kama miti ya huku kwetu, ile inayolazwa na upepo upande mmoja.

"Karibu, Cóilín. Bibi hajambo?"

"Usiniulize bibi. Mimi nina swali moja."

"Uliza."

Simu ilikuwa mkononi mwangu. Ipo siku zote, hakuna anayeiona tena. Nikabonyeza kurekodi.

"Watu wa Dublin walipokupigia, ulisema nini?"

"Nilisema ndiyo."

"Mara ya ngapi?"

"Ya kwanza. Papo hapo. Binti hajamaliza hata sentensi."

"Na huna aibu?"

Akakaa. Akatazama mikono yake.

"Aibu ninayo. Unataka kujua kwa nini, au umekuja kupiga kelele tu?"

"Vyote viwili."

"Festy," Mama Sibéal akasema, "usimwambie huyu, ni mtoto."

"Acha ajue. Cóilín, tangu ujana wangu, kwenye harusi, kwenye matanga, wakiniomba niimbe nasema hapana, kama nilivyofundishwa. Nasema mara moja. Unajua wanasemaje? 'Haya basi, Nábla yupo.' Basi. Hakuna aliyewahi kunivuta mkono. Hapana ya Nábla wanaipinga mpaka aimbe. Hapana yangu mimi watu huikubali."

Nikauma ule mkate wa zabibu.

"Halafu nimekaa jikoni kwenu maisha yangu yote," akaendelea. "Bibi yako hajawahi kuniambia nimeimba vizuri. Hata siku moja. Anasema, 'Ubeti wa tatu umeukimbiza.' Mara binti wa Dublin ananiambia, 'Nábla mwenyewe amesema wewe ndiye mwimbaji.' Nilisahau adabu, mwanangu. Nilisahau hata nimesimama wapi. Nilisikia Nábla kanitaja, nikasema ndiyo."

Mama Sibéal akajifanya anafuta meza. Meza ilikuwa safi.

Pale ningeondoka, hadithi ingekuwa nyingine. Lakini Festy akaongeza neno.

"Niombee kwake jambo. Aje Dublin anishike mkono."

Huku kwetu mwimbaji anafumba macho, na mtu wa karibu anamshika mkono anauzungusha polepole, kama anasokota kamba, mpaka wimbo uishe. Anashikwa na anayempenda, au anayeujua ule wimbo mpaka mfupa.

"Bibi yangu?" nikasema. "Akushike mkono wewe, mbele ya taifa, na wimbo wake mdomoni mwako, na Kinubi chake kwapani mwako?"

"Bila mkono wake siwezi kuuimba."

"Basi usiuimbe!"

Nikabwaga kikombe, kisahani kikapasuka vipande viwili.

"Si kitu," akasema Mama Sibéal haraka, "kilikuwa na ufa."

Hakikuwa na ufa.

Nikaingia kwenye gari. Nikafungua ile video. Na hapa nawaambia ukweli, kwa sababu nimeahidi kuwaambia ukweli wiki zote hizi. Nilikata. Nilikata yale ya harusi, nikakata yale ya jikoni kwetu, nikakata Mama Sibéal na meza yake. Nikabakiza sauti ya Festy inasema, "Nilisema ndiyo. Ya kwanza. Papo hapo. Binti hajamaliza hata sentensi." Juu yake nikaandika kwa herufi kubwa: MWIZI WA KINUBI.

Nikarusha.

Sijamaliza kuizunguka ghuba simu inatetemeka kama imeshikwa homa. Watu wa Galway. Watu wa Boston. Watu nisiowajua, wanamtukana Festy kwa lugha tatu.

Kesho yake ilikuwa raha tupu, siwadanganyi. Huku ukipishana na mtu barabarani unanyanyua kidole kimoja juu ya usukani, hata kama humpendi. Festy alipita na gari lake kuukuu, sikuona kidole hata kimoja. Mama Sibéal aliingia dukani, wakampa mkate bila kumtajia mvua. Ukiuziwa mkate Connemara bila kutajiwa mvua, jua umekufa, umebaki kuzikwa tu.

"Umemtetea bibi yako, kijana!" jamaa mmoja akaniambia nje ya baa, akanipiga bega. Nikatembea kama jogoo.

Narudi nyumbani, bibi kakaa mezani na kitambaa cha kichwani hajavua. Katoka kanisani.

"Cóilín. Umewaambia watu nini?"

"Ukweli, bibi."

"Ukweli gani?"

"Kwamba kilikuwa chako. Kwamba ulikitaka, na Festy kakuibia."

"Nilikitaka."

Alilisema polepole, kama mtu kapewa chakula kibovu.

"Mke wa mwenye duka kanishika mkono mlangoni mwa kanisa. Ananiambia, 'Pole, Nábla, tunajua ulikuwa unakitaka sana.' Mbele ya watu. Kasisi yupo. *Unakitaka sana!*"

"Lakini bibi, si ulikuwa unakitaka?"

"Kwani hilo lilikuwa lako kulisema?" Akasimama. "Nimeimba kwenye harusi za nchi hii, nimeimba matangani maiti zikiwa mezani, nimeimba mbele ya maaskofu. Hakuna aliyewahi kuniona natamani kitu. Walinivuta! Kila mahali walinivuta! Ilikuwa ndiyo nguo yangu hiyo, Cóilín, sina nyingine. Na wewe umenivua barabarani, na simu yako hiyo."

"Nilikuwa nakutetea!"

"Nani alikutuma?"

Nikapandisha sauti. "Nchi gani hii, bibi? Mtu mpaka aburutwe ndiyo achukue kilicho chake? Ungesema ndiyo! Neno moja! Leo tusingekuwa hapa!"

Bibi alikwenda kando ya jiko, akaviokota vile viatu vya kahawia, vinang'aa bado. Akafungua kimlango cha chuma cha jiko, moto unawaka ndani. Akatupa kimoja. Akatupa cha pili.

"Haya," akasema. "Sasa hakuna anayekwenda Dublin. Piga na hiyo picha."

Nyumba ikajaa harufu ya ngozi na rangi ya viatu. Sikupiga picha. Mara ya kwanza maishani mwangu.

Tangu hapo akawa hasemi na mimi. Chai ananiwekea, uso hanipi. Na mimi nimenuna. Nina hasira na Orlaith na siku njema yake, nina hasira na Festy, nina hasira na bibi, na nikijitazama kwenye kioo cha simu nina hasira na huyo pia. Video nikaifuta. Kuifuta kulisaidia nini? Walishaisambaza hadi kwa mashemeji wa mashemeji.

Ndipo likaja hili nililowaambia hamtaliamini.

Mchana, bibi anamenya viazi, mimi nimeegemea friji. Simu inaita. Dublin.

"Bwana Cóilín, ni Orlaith. Simu ya nyumbani kwenu haipokelewi."

"Bibi kaichomoa ukutani. Unasemaje?"

"Mzee Festy amejitoa."

Nikashika friji. "Amefanya nini?"

"Kapiga asubuhi. Hakulalamika, hakueleza. Kasema, 'Hapana, Nábla yupo, mimi ni nani?' Kisha kakata."

Nisikilizeni. Mzee yule angeweza kumwambia yule binti kila nilichokikata. Angeweza kusema kijana kanirekodi nyumbani kwangu, na chai yangu mkononi. Hakusema. Alirudisha, kama alivyofundishwa. Kachelewa, lakini karudisha. Nilihisi uso umewaka, na safari hii hasira haikuwa na pa kwenda.

"Bwana? Upo?"

"Nipo."

"Wenzangu wamenieleza desturi zenu. Nilikosea, naomba radhi. Safari hii niko tayari kuomba mara tatu, mara kumi. Lakini kamati imekaa sasa hivi, chumba cha pili hapa. Wakitoka bila jina la bibi yako, wanampa mwigizaji mmoja wa hapa mjini. Yeye keshasema ndiyo, tena kwa furaha. Nipe bibi."

Nikamnyooshea simu. Bibi akaitazama kama anatazama panya aliyekufa. Hakuigusa.

"Hashiki," nikamwambia Orlaith.

"Basi muulize wewe."

Nikaweka sauti ya nje juu ya meza, kando ya maganda ya viazi.

"Bibi. Ni Dublin. Festy kakirudisha. Kasema Nábla yupo, yeye ni nani."

Kisu kikasimama. Kidogo tu. Kikaendelea.

"Karudisha?"

"Karudisha. Wanakuomba wewe."

"Hapana," akasema bibi.

Sawa. Hiyo ya kwanza naijua.

"Bibi, nakuomba na mimi. Kwa yote niliyokufanyia, nakuomba."

"Koo langu limekauka."

Moyo ukaruka! Ndiyo neno lenyewe, mahali pake penyewe! Nikasubiri ataje jina la mwenzake, kama inavyotakiwa.

"Watafute mwingine," akasema. Basi. Hakutaja jina.

"Anasemaje?" Orlaith akanong'ona kutoka mezani. "Mwenyekiti amesimama. Wanakusanya mafaili."

Nikapiga magoti kwenye vigae, mimi mwanaume mzima. Nikanyoosha mkono kuushika mkono wake, nimvute, kama walivyomvuta mama yake, kama wasivyowahi kumvuta Festy. Bibi akaweka kisu chini. Akafuta mikono. Akaichomeka yote miwili chini ya aproni.

"Hapana, Cóilín."

Huku kwetu asiyetaka kuimba kweli kweli huinuka akatoka uani, watu wanaelewa, wanamwacha. Bibi hakuinuka. Lakini anayetaka hutoa mkono, na mkono hakuutoa. Alikaa pale pale, macho kwenye kile kimlango cha chuma kilichokula viatu vyake, na sauti yake haikuwa na ukali, haikuwa na utani, haikuwa na kitu chochote ninachokijua.

"Cóilín! Wanafungua mlango. Ni ndiyo au ni hapana?"

Nikisema ndiyo, na ile ya tatu ilikuwa hapana ya kweli, nimemvua bibi nguo mara ya pili, sasa mbele ya taifa zima. Nikisema hapana, na ile ilikuwa ya adabu tu, ananisubiri nimvute, basi mimi ndiye niliyemtakia siku njema bibi yangu mwenyewe, na Festy kakitupa Kinubi bure.

Simu iko mezani. Bibi hanitazami. Nyayo za kamati nazisikia hapa jikoni.

Wewe unayenisoma, mfanye bibi huyu ni wako na simu hiyo ni yako: ungemjibu nini yule dada?